Usiulize Asilimia, Uliza Nani Atalipa

Mjukuu wangu,

Hesabu ya asilimia uliyopigiwa na simu yako kuhusu nafasi yako ya kuchukuliwa Harvard iweke kando kwanza.

Mwaka 2024 chuo hicho kilipokea maombi zaidi ya 54,000 kikakubali watu 1,937. Hawafiki wanne katika kila mia, na hao nao hawakupita mlango mmoja. Kesi iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2023 ilianika takwimu za ndani: watoto wa waliosoma pale walikuwa wakikubaliwa takriban mmoja kati ya watatu, na wanamichezo waliotakiwa na makocha walikubaliwa wengi mno. Waondoe hao, ndipo ujitazame.

Division one yako inakufanya usomwe, basi. Walioomba pale wengi wao waliongoza kwao. Barua ya mwalimu ndiyo yenye kazi, nayo isiseme "ni mtiifu na mwenye bidii" kama tunavyojaza kwenye kila ripoti hapa kwetu. Mwombe mwalimu aliyekuona ukihangaika na jambo hadi likakaa sawa. Usimfuate mkuu wa shule kwa ajili ya muhuri.

Kwa mtoto wa nyumba yetu, uzito uko kwenye ada. Vyuo vingi vya kule humtazama mgeni mfukoni kabla ya kumkubali. Hata Stanford hufanya hivyo. Vichache havijali umaskini wa mgeni wakati wa kuchagua, vikiwamo Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth na Bowdoin. Ndiyo maana chuo kigumu kupindukia kinaweza kukufaa kuliko Berkeley, kinachokubali watu wengi zaidi lakini, kwa kuwa ni cha umma cha California, hakimpi mgeni msaada kwa sababu ya uhitaji wake. Barua ya kukubaliwa isiyo na fedha haikufikishi popote, maana hati ya kuombea viza haitoki mpaka ionekane nani analipa.

Kuna suala la kalenda pia. Matokeo ya kidato cha sita hutoka Julai, na maombi ya vyuo hivyo mengi hufungwa mwanzoni mwa Januari. Ukiomba ungali shuleni watakupima kwa kidato cha nne na makisio ya walimu. Mimi ningesubiri niwe na matokeo mkononi, nikafanya na mtihani wa SAT, ambao MIT iliurudisha kuwa lazima mwaka 2022 na Harvard mwaka 2024. Bibi yako anasema kukaa mwaka mzima nyumbani ni uvivu. Mwache na lake.

Hata hivyo omba vyuo vikuu vya Muhimbili na Dar es Salaam dirisha likifunguliwa. Ila ujue, ukishaanza chuo hapa, kule huenda wakakuhesabu kuwa mwanafunzi wa kuhamia, na hao huchukuliwa wachache zaidi. Ukipata udaktari Muhimbili, sitakushauri uuache kwa kungoja bahati ya Marekani. Hilo nalisema waziwazi, ukasirike ukitaka.

Jumamosi njoo na baba yako. Fomu ya kuombea msaada wa ada inauliza mapato ya familia, naye hana hati ya mshahara. Tutaandika mauzo ya kahawa na mbuzi ya mwaka mzima, kisha twende kwa mtendaji wa kijiji atugongee muhuri.