Shemasi Aliyemtangulia Mchungaji

Je, mtu anaweza kumhubiria mtumwa wokovu wa roho na kuzinyamazia pingu za mwili wake? Chama cha Misheni cha Wabaptisti wa Uingereza, kilichoasisiwa mjini Kettering mwaka 1792, kilijibu kwa tahadhari. Wamishenari waliotumwa Jamaica waliagizwa wasijitie katika siasa za kisiwa. Hofu yao ilikuwa na sababu: wenye mashamba ya miwa ndio waliolitawala baraza la kutunga sheria, na hawakukosa njia za kuyabana makanisa.

William Knibb aliyapokea masharti hayo. Alizaliwa Kettering hiyohiyo mwaka 1803, akafika Jamaica mwaka 1825 kushika kazi ya ualimu iliyoachwa na kaka yake Thomas, ambaye alikuwa amefariki kisiwani. Utumwa ulimchukiza tangu mwanzo, na barua alizopeleka nyumbani zinaonyesha hivyo. Mwaka 1830, Sam Swiney, shemasi aliyekuwa mtumwa, alipochapwa viboko kwa kosa la kusali, Knibb aliandamana naye barabarani alipopelekwa kazini amefungwa mnyororo, kisha akaitangaza habari hiyo gazetini. Ulikuwa ujasiri, ila ujasiri wa kumtetea mtu mmoja. Utumwa wenyewe ulibaki pale pale.

Aliyeligusa shina alikuwa mtumwa. Samuel Sharpe, shemasi wa Montego Bay, alijua kusoma, akawa anasoma Biblia na magazeti yaliyoeleza mjadala wa utumwa kule London. Maneno ya Yesu kuhusu mabwana wawili aliyachukua kama yalivyo: aliye wa Mungu hawezi kuwa mali ya mwenye shamba. Mikutano ya sala ikageuka mahali pa kupanga mgomo. Baada ya Krismasi ya 1831, watu wasirudi kukata miwa mpaka walipwe ujira.

Tarehe 27 Desemba, kwenye ufunguzi wa kanisa la Salter's Hill, Knibb aliwasihi waumini warudi kazini, akawaambia kuwa uvumi kwamba mfalme amekwisha kuwapa uhuru si wa kweli. Wengi waliondoka wamenuna. Usiku huohuo shamba la Kensington liliteketea, na mgomo ukawa uasi wa makumi ya maelfu ya watu. Wazungu 14 walikufa. Watumwa zaidi ya 300 waliuawa kwa hukumu za harakaharaka, na Sharpe akanyongwa tarehe 23 Mei 1832. Magenge ya wazungu yalibomoa makanisa. Knibb alikamatwa, lakini kesi dhidi yake haikusimama.

Hapo ndipo mchungaji alipogeuka. Juni 1832 alisimama mbele ya mkutano wa chama chake London na kutamka waziwazi kwamba injili na utumwa haviwezi kukaa pamoja. Inasimuliwa kwamba katibu alimvuta koti ili anyamaze. Hakunyamaza. Alizunguka Uingereza akihutubia, akatoa ushahidi mbele ya kamati za mabunge yote mawili. Sheria ya kukomesha utumwa ilipita mwaka 1833, ikawalipa wenye watumwa pauni milioni 20, na watumwa wenyewe wasipewe hata senti. Uhuru kamili ulifika tarehe 1 Agosti 1838.

Mtetezi wa chama ana hoja moja nzito: bila ule ukimya makanisa yangefungwa mapema, na Sharpe asingekuwa na jukwaa. Inawezekana. Lakini hoja hiyo inawafanya wamishenari kuwa wenye ujumbe, ilhali Biblia ikishawekwa mikononi mwa msomaji, aliyeileta hana tena mamlaka ya kumwekea mpaka wa kuielewa.

Knibb alijifunza, na hilo ndilo la kumsifia zaidi. Miaka iliyobaki aliwasaidia walioachwa huru kupata ardhi na kujenga vijiji vyao, na akahimiza Wabaptisti wa Jamaica kupeleka wamishenari Afrika Magharibi. Miongoni mwao alikuwa Mjamaika Joseph Merrick, aliyefanya kazi Bimbia, katika Kamerun ya leo. Homa ilimuua Knibb Novemba 1845, akiwa na miaka 42.

Jamaica ilimtangaza Sharpe shujaa wa taifa mwaka 1975. Knibb alitunukiwa nishani ya juu ya nchi hiyo mwaka 1988. Mpangilio huo ni wa haki.