Mkanda wa Mzee

Kwenye kabati la sebuleni kwangu kuna diski 12 za filamu. Nilijiwekea sheria miaka mingi iliyopita: zisizidi hapo. Ikiingia mpya, moja ya zamani inatoka, inakwenda kwa jirani au kwa mpwa. Deki ninayozichezea ni ya kizamani, rimoti yake nimeifunga kwa mpira wa baiskeli, na binti yangu, ambaye filamu zake zote zimo kwenye simu, huiangalia kama anavyoliangalia jiwe la bibi yake la kusagia. Jumapili moja alinikuta nikitazama Sarafina! kwa mara ambayo hata mimi siijui ni ya ngapi.

"Baba, kwani hujui mwisho wake?"

"Naujua."

"Sasa unatazama nini?"

Sikuwa na jibu la kumpa papo hapo. Nilimwambia anipishe, ananiziba. Lakini swali lilibaki pale sebuleni baada ya yeye kuondoka. Kwa nini mtu amiliki filamu aliyokwisha kuiona? Na katika maelfu ya filamu zilizopo, ni kwa haki gani anachagua 12 na kusema hizi ndizo zangu? Nilipoanza kulitafuta jibu, nilijikuta narudi Lukole.

Nimekulia Ngara. Kaka yangu alikuwa na duka dogo la kanda pale Benaco, mahali ambapo leo malori ya Rusumo husimama madereva wale chakula. Lukole ilikuwa kambi ya Warundi, Lukole A na Lukole B, watu waliokimbia vita iliyofuata baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa Oktoba 21, 1993. Wanyarwanda waliojaza Benaco mwaka 1994 walikuwa wamekwisha kurudishwa kwao mwishoni mwa 1996, lakini Warundi walibaki. Sheria haikuwaruhusu kwenda zaidi ya kilomita 4 nje ya kambi bila kibali. Kwa hiyo sisi ndio tuliowafuata. Siku za soko nilipanda baiskeli na begi la kanda mgongoni, nikamkodishia mwenye banda la video.

Banda lenyewe lilikuwa la miti na turubai, mabenchi ya mbao, jenereta nyuma, televisheni moja juu ya meza ndefu. Waliotazama walikaa wakibanana hadi jasho la mmoja likawa la wote. Mimi nikiwa kijana wa miaka 17 nilijiona mtaalamu wa filamu wa wilaya nzima. Niliamini kazi yangu ni kuleta mpya. Nikileta mpya, watu waliuliza kwanza: "Ile ya Komando haipo?" Schwarzenegger alikuwa ameshamwokoa binti yake mara mia ndani ya banda lile. Walijua adui yupi ataanguka wapi, na wengine walitamka maneno kabla ya mhusika kuyatamka. Ikija Titanic iliyotafsiriwa na Lufufu, yule bingwa wa kusimulia filamu kwa Kiswahili juu ya sauti ya wazungu, banda lilijaa hadi nje, ingawa hapakuwa na mtu ambaye hakujua kwamba meli itazama.

Niliwadharau kidogo kwa hilo. Nilidhani ni watu wasiojua kuchagua. Siku moja nilimwambia kijana wa rika langu, mkaaji wa Lukole B, kwamba wanapoteza hela zao kwa vitu wanavyovijua. Akanijibu bila hasira: "Humu ndani najua nani atakufa. Nje sijui."

Sote tumekua na ule msemo wa mabandani kwamba steringi hafi. Kwetu ulikuwa utani wa kitoto. Kwake ulikuwa kitu kizito zaidi. Alikuwa amemwona baba yake akiuawa bila dalili yoyote ya awali, bila muziki wa kutahadharisha. Filamu aliyoijua mwanzo hadi mwisho ilikuwa mahali pekee ambapo kesho ilikuwa imeshaandikwa na yeye ameshaisoma. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya mtu kurudia filamu, na siioni kuwa ya kudharaulika. Anayemwambia mtu wa namna ile kwamba filamu nzuri ni ile inayokushtua, yeye mwenyewe ameishi maisha yenye mishtuko michache.

Lakini palikuwa na mzee mmoja ambaye sababu hiyo haikumtosha.

Huyo hakuja bandani kwa Komando wala kwa Titanic. Alikuwa amefanya kazi ya udereva Bujumbura, na alikimbia akiwa na mkoba wenye vitu vichache: vyeti, picha, na mkanda mmoja wa video. Ulikuwa Gito l'ingrat, filamu ya Léonce Ngabo ya mwaka 1992, filamu ndefu ya kwanza ya Burundi. Ni ya kuchekesha. Kijana Gito anarudi nyumbani kutoka masomoni Paris akidhani serikali inamsubiri na kiti cha uwaziri. Kazi haipati, na wanawake wawili aliowachanganya, mmoja Mzungu na mmoja Mrundi, wanamfundisha adabu. Mara moja moja mwenye banda alimruhusu mzee auweke mkanda wake mchana, watu wakiwa wachache. Nilikaa naye mara mbili au tatu. Lugha haikunisumbua sana. Kifaransa kilinipita, lakini penye Kirundi nilifuata, maana Kihangaza chetu na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja.

Watu walicheka penye kuchekesha. Mzee hakucheka. Nikadhani hapendi vichekesho, hadi nilipoona kwamba hamtazami Gito. Macho yake yalikuwa nyuma ya Gito: kwenye barabara, kwenye magari, kwenye wapita njia ambao hawakujua kwamba wamo ndani ya filamu. Kuna wakati aliomba isimamishwe. Picha ikatetemeka pale kwenye kioo, akasogea karibu, akatazama, kisha akasema, "Endelea tu, mwanangu."

Mji ule ulipigwa picha mwaka mmoja kabla ya vita. Ngabo alikuwa akitengeneza kichekesho. Hakujua kwamba pia anaweka akiba ya mji ambao mwaka uliofuata usingekuwa vile tena. Kwa watazamaji wengine ile ilikuwa hadithi ya msomi mwenye majivuno. Kwa mzee ilikuwa dirisha.

Mwaka 1843 Søren Kierkegaard, mwanafalsafa wa Denmark, alitoa kitabu kuhusu jambo hilihili la kurudia. Msimulizi wake amewahi kufurahi Berlin, basi anasafiri kwenda tena aone kama furaha inarudiwa. Anapanga kwenye nyumba ileile, lakini haiko kama alivyoiacha. Anakwenda kwenye ukumbi uleule wa maonyesho, hapati nafasi aliyoizoea, na kichekesho hakimchekeshi. Anarudi nyumbani ameshindwa. Nilipokisoma kitabu hicho ukubwani nilimkumbuka mzee, nikaona kosa la yule msafiri. Alikwenda kuitafuta furaha yake mwenyewe, na furaha haikai mahali ikikungoja. Mzee hakutafuta furaha. Alikwenda kuhakikisha kwamba mji ulikuwepo. Hilo linarudiwa kila mara na halishindwi, kwa sababu halimtegemei mtazamaji awe na hali gani siku hiyo.

Sasa nifike kwenye lile ambalo limenifanya niandike.

Mkanda ulikuwa unachakaa. Kila ulipochezwa, mistari iliongezeka. Mzee alisikia kwamba kwa kaka tunaanza kuhamishia kanda kwenye CD, akanipa mkanda wake mkononi, akanipa na nusu ya malipo. Akaniomba nimtengenezee nakala, nimrudishie vyote viwili. Niliuweka kwenye rafu ya duka. Wiki ile wateja walitaka filamu za Kinigeria, na mashine ilikuwa moja. Wiki iliyofuata zikaja nyingine za Kinigeria. Nakala ya Gito ingemhudumia mteja mmoja tu. Za Kinigeria zilihudumia wilaya. Kila nilipokutana naye sokoni nilimwamkia, "Shikamoo mzee," akaitikia, na kabla hajauliza nilisema, "Wiki ijayo." Hakunisukuma. Nadhani hilo ndilo lililonipa ujasiri wa kuendelea kuahirisha.

Safari za kurudi kwa hiari zilikuwa zimeanza mwaka 2002, malori yakielekea mpaka wa Kobero. Watu walibeba masufuria, kuku, hata milango. Siku moja nilifika sokoni nikaambiwa mzee ameondoka na msafara wa juzi. Alikuwa ameniulizia kwa watu. Mali bila daftari hupotea bila habari, wanasema, nami sikuwa nimeandika jina la baba yake, wala la kilima chake, wala chochote. Nilimjua kama Mzee.

Nilijifariji haraka, kama vijana wanavyojua kujifariji. Nikasema: mkanda wa nini tena? Anakwenda kuiona Bujumbura yenyewe. Ilinichukua miaka kuona jinsi faraja ile ilivyokuwa ya uongo. Bujumbura aliyokuwa akiitazama ilikuwa ya mwaka 1992, na hakuna lori linalokwenda huko. Usafiri wake wa pekee ulikuwa kwenye rafu yangu, chini ya filamu za Kinigeria.

Tangu hapo sijaweza kuchagua filamu kama watu wanavyochagua. Zipo njia mbili zinazojulikana. Wapo wanaochagua ili wageni waone: wanapanga kabatini zile zilizosifiwa, na wengi wao hawazitazami. Wapo wanaochagua kwa raha: hii hunichekesha, hii huniliza. Njia ya pili ina ukweli zaidi, na nusu ya diski zangu ziliingia kwa mlango huo. Lakini raha ni kipimo kinachobadilika. Ile iliyonichekesha nikiwa na miaka 20 sasa inanichosha, na kwa kipimo hicho nitaitoa, kama yule msafiri wa Berlin alivyoutoa mji mzima kwa sababu ya jioni moja mbaya.

Ipo njia ya tatu: kuchagua kama mtu anayepokea amana. Hapo swali linabadilika. Siulizi tena filamu hii inanipa nini. Nauliza, ikipotea, ni nani atakayekuwa amepotea nayo? Kipimo hicho kimenishangaza. Filamu zilizoshinda tuzo kubwa zimeanguka, maana zina walinzi kila mahali duniani. Zimebaki zile zenye sura au sauti ya mtu ambaye hana mlinzi mwingine: filamu ya Kibongo yenye mtaa wa Sinza kabla ya maghorofa, nakala ya kuchoma yenye sauti ya Lufufu. Hii ya mwisho inaniumiza kichwa, maana Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 iko wazi, na mwenye Titanic hakulipwa senti banda lile. Sidai kwamba amana inahalalisha wizi. Nasema tu kwamba ninapoiangalia diski ile naona madeni mawili, na sijui namna ya kulipa moja bila kulikana lingine.

Mtu anaweza kuniambia: unaitwika filamu mzigo usio wake, filamu ni burudani. Ni kweli kwa aliyeitengeneza, na ni kweli kwa wengi walioitazama. Lakini kitu hakiwi na kazi moja tu kwa sababu fundi alikusudia moja. Mlango uliobebwa kwenye lori kwenda Burundi ulikuwa mbao. Kwa aliyeubeba ulikuwa nusu ya nyumba.

Miaka mingi baadaye niliupeleka mkanda Mwanza kwa fundi anayesafisha kuvu. Alitoa alichoweza. Picha inaruka sehemu kadhaa, na mahali fulani sauti inazama kabisa. Niliitazama peke yangu usiku. Nikajaribu kutazama nyuma ya Gito, kama mzee. Niliona barabara, magari, watu wanaopita. Sikumtambua hata mmoja. Nikaelewa kwamba naweza kuutunza mkanda wake, lakini macho yake alikwenda nayo.

Ndiyo diski ya 12, na ndiyo pekee ambayo sheria yangu ya kutoa haiigusi, maana si yangu kuitoa. Juu yake sikuandika jina la filamu. Nimeandika: Ya Mzee, Lukole B.

Juzi binti yangu aliiona akauliza mzee ni nani. Nikamwambia akae, ni hadithi ndefu. Alikaa. Tulipofika pale picha inaporuka, alinyoosha mkono kuchukua rimoti apeleke mbele. Nikamwambia aache, apatazame hivyohivyo. Akaacha.