Nyumba Yangu Haikubomoka: Je, Hiyo Ndiyo Neema?



Kuna neno moja ambalo sisi wakristo wa pwani hii tunalitumia kila siku. Ukimuuliza mtu habari za nyumbani, anajibu: «Tuko, kwa neema ya Mungu.» Mtu akishuka salama kutoka mtumbwini wakati wa upepo, anasema ni neema. Mtoto akipita mtihani wa Serikali, ni neema. Sisi tuliovuka ziwa kwenda Kigoma mwaka 1996, wakati vita vilipofika Uvira mwezi wa Oktoba, tulilisema neno hilo tulipokanyaga mchanga wa ng'ambo, na tulilisema kwa machozi. Sitaki kumkataza mtu kulisema. Ni neno zuri. Lakini kuna siku moja nililisema vibaya, mimi shemasi wenu, na likamuumiza mama mmoja ambaye alikuwa tayari na maumivu ya kutosha. Nimekaa na jambo hilo miaka mingi, nami naona afadhali niliandike.

Mnakumbuka usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020. Mvua ilinyesha juu ya milima ya Mitumba, na mto Mulongwe ukatoka katika njia yake, ukashuka na mawe, miti na matope, ukapita katikati ya nyumba za watu waliolala. Makumi ya watu walikufa. Maelfu ya nyumba zilibomoka. Ilikuwa siku chache tu baada ya Pasaka, na Pasaka yenyewe tuliifanya kila mtu nyumbani kwake, kwa maana tangu mwezi wa Machi Serikali ilikuwa imefunga makanisa ya nchi nzima kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Hata matanga yalikatazwa. Kwa hiyo wale waliofiwa hawakuwa na kanisa la kulilia, wala uwanja wa kukaa na jamaa zao usiku kucha kama desturi yetu.

Nyumba yangu iko upande wa chini, karibu na ziwa, mbali na njia ambayo mto uliichukua. Haikuguswa. Asubuhi nilitoka na jembe na ndoo, nikaenda kusaidia. Tulifika katika uwanja mmoja ambapo zilikuwa nyumba tatu, na sasa yalikuwa matope tu na mabati yaliyokunjwa kama karatasi. Watu walikuwa wanachimba. Mzee mmoja akaniambia: «Shemasi, utuombee kwanza.» Nikavua kofia, nikaomba. Na katika maombi yale nikamshukuru Mungu kwa sauti kubwa kwamba ameilinda nyumba yangu na watoto wangu, kwa sababu juma lile lote jamaa yetu tulikuwa katika mafungo.

Mama huyo alikuwa ameketi juu ya jiwe. Ni jirani tuliyekuwa tukiomba naye pamoja kila siku ya tatu ya juma. Mto ulikuwa umechukua mtoto wake wa mwisho, na wakati huo alikuwa hajaonekana bado. Mama hakuwa analia. Nilipomaliza kusema amina, alinitazama, akasema: «Shemasi, mimi pia nilifunga.»

Ni hayo tu. Hakuongeza neno. Watu wakaendelea kuchimba, na mimi pia nikainama nikachimba, kwa sababu sikuwa na pa kuficha uso.

Ndugu zangu, fikirini maneno yangu yalikuwa na nini ndani yake. Kama mafungo yangu ndiyo yaliyousimamisha ukuta wangu, basi mafungo ya yule mama yalikuwa dhaifu. Au Mungu hakuyasikia. Au kulikuwa na dhambi katika nyumba yake. Mimi sikusema hayo kwa kinywa changu, lakini maombi yangu yalimwambia hayo yote kwa mara moja, naye aliyasikia. Rafiki za Ayubu walipokuja kwake, walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno (Ayubu 2:13), na hapo walikuwa rafiki kweli. Ubaya ulianza walipofungua vinywa ili kueleza. Mimi sikungoja hata siku moja.

Jambo hili Bwana Yesu mwenyewe aliulizwa. Someni Luka 13, mistari 1 mpaka 5. Watu walimletea habari za Wagalilaya waliouawa na Pilato, na yeye akawakumbusha juu ya watu 18 walioangukiwa na mnara kule Siloamu. Akawauliza kama wanadhani hao walikuwa wenye dhambi kupita wengine wote wa Yerusalemu. Akajibu mwenyewe kwamba sivyo. Kisha akawageukia wale waliokuwa wazima, akawaambia habari ya toba yao wenyewe. Mimi nimesoma sura hiyo tangu nilipokuwa kijana wa shule, lakini nilikuwa sijaona kitu kimoja: Yesu hakusema kwa nini mnara ulianguka. Aliwanyima ile sababu waliyoitaka. Na katika Matayo 5:45 anafundisha kwamba Baba hunyeshea mvua wenye haki na wasio haki. Mtu wa Uvira akisoma maneno hayo, anajua kwamba mvua si baraka ya mashamba peke yake.

Wengine watauliza: basi yale maji yalitoka wapi? Ndugu, mengine tunayajua bila ndoto. Miti ya milimani imekatwa kwa makaa na kwa mashamba, na udongo hauna tena kinachoushika. Watu wamejenga karibu sana na mito, wengi wao maskini, na wengine ni wakimbizi wa vita walioshuka kutoka milimani au waliotoka upande wa Fizi bila chochote, wakajenga pale walipopata nafasi. Mambo hayo yanahitaji mikono yetu na sauti yetu mbele ya wakubwa. Kumtwika Mungu mzigo wa mambo tuliyoyafanya sisi si imani.

Na hapa niseme neno juu ya wenye maono, bila kumtaja mtu. Baada ya mto kupita, walitokea wale waliosema kwamba walikwisha kuona katika ndoto, kwamba nyumba fulani ilibomoka kwa sababu ya uchawi na fulani kwa sababu ya uzinzi. Mimi ninaamini kwamba Mungu anasema katika ndoto na maono. Kanisa letu lilizaliwa hivyo, na asiyeamini hayo hawezi kuelewa tulikotoka. Lakini niliwatazama wale waliosema hayo, na mikono yao ilikuwa safi. Hapakuwa na tope hata kidogo. Tangu siku ile, mtu akiniletea maono juu ya msiba wa mwenzake, ninaangalia kwanza mikono yake.

Tuje sasa kwa Papa Simon Kimbangu, maana kwetu yeye ni barua inayosomwa hata na wasiojua kusoma. Alianza kazi ya kuhubiri na kuponya kule Nkamba tarehe 6 Aprili 1921. Mwezi wa Septemba mwaka ule ule alikuwa mikononi mwa Wabelgiji. Hesabu wewe mwenyewe: ni miezi mitano na siku chache. Tarehe 3 Oktoba 1921 baraza la kijeshi lilimhukumu viboko 120 na kifo. Mfalme Albert wa Ubelgiji akabadili hukumu ya kifo kuwa kifungo cha maisha, na akapelekwa Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka kwao. Akakaa gerezani miaka 30 mpaka alipofariki tarehe 12 Oktoba 1951.

Kama neema ni kuokolewa na shida, basi mtu huyo alipewa miezi mitano ya neema na miaka 30 ya kuachwa. Nani kati yetu anaweza kusema hivyo? Na Mama Muilu Marie, aliyewashika waamini kwa siri miaka ile yote, wakati jamaa nyingi zilipokuwa zinahamishwa mbali na nchi yao, alifariki mwezi wa Aprili 1959. Kanisa lilipata kutambuliwa na Serikali tarehe 24 Desemba mwaka huo huo. Hakuiona siku hiyo. Sisi tunaoimba tarehe 6 Aprili, ambayo tangu 2023 ni sikukuu ya nchi nzima, tunakula matunda ya mti ambao aliyeumwagilia hakuonja hata moja. Tukisema kwamba walikosa neema kwa sababu mlango haukufunguliwa, tunasema upuzi. Paulo naye aliomba mara tatu aondolewe mwiba wake, na jibu alilopewa halikuwa kuondolewa; aliambiwa kwamba neema aliyo nayo tayari inamtosha (2 Wakorintho 12:7-9).

Basi je, nisishukuru tena nyumba yangu ikisimama? Swali hili lilinisumbua sana, hata kwa muda fulani niliogopa kuomba mbele za watu. Sasa ninaona hivi. Pale bandarini Kalundu kuna vijana wanaobeba magunia. Kijana akibeba gunia, patron analazimika kumlipa, na asipolipa, kijana ana haki ya kupiga kelele mpaka watu wajae. Hiyo ni mshahara. Lakini asubuhi wavuvi wa ndagala wanaporudi na taa zao, mara nyingine mvuvi mmoja humchotea mjane bakuli la ndagala, bila deni lolote. Mjane hushukuru na kwenda kupika. Hawezi kumwambia mjane mwenzake: «Mimi nimepewa kwa sababu ninajua kuomba kuliko wewe.» Akisema hivyo amegeuza zawadi kuwa mshahara, na tena amemtukana mwenzake. Paulo anafundisha jambo hilo hilo katika Warumi 4:4 na 11:6. Kosa langu siku ile halikuwa kushukuru. Kosa lilikuwa lile neno dogo «kwa sababu». Ningesema tu, Bwana, nyumba yangu imesimama na sijui kwa nini, nipe nguvu ya kuchimba, naamini yule mama angeweza kusema amina pamoja nami.

Kuhusu faraja nitasema kidogo, maana sikuijua kwa vitabu. Siku zile kulikuwa na mama mmoja wa kwaya ambaye si msemaji. Alifika kila asubuhi na sufuria ya sombe na ugali uliofungwa katika kitambaa, akawapa chakula waliolala nje, kisha akakusanya vikwembe vyenye matope, akaenda kuvifua, akavirudisha jioni vimekunjwa. Sikumsikia akitaja mstari wowote. Sisi katika kanisa letu tumefundishwa mambo matatu, upendo, amri na kazi, na mara nyingi wahubiri tunakaa sana kwenye la pili. Mtoto wa yule jirani yangu alionekana baada ya siku mbili, kule chini ziwani. Waliomwosha mwili ni mama huyo wa kwaya na wenzake wawili. Mimi nilisimama mbali.

Sikumwomba yule jirani msamaha mapema. Niliona aibu, na nikajidanganya kwamba kumkumbusha ni kumuumiza tena. Tulisalimiana, makanisa yakafunguliwa, tukaomba katika chumba kimoja, lakini lile jambo lilikaa kati yetu kama jiwe.

Halafu ukafika mwaka 2024. Mnajua jinsi ziwa lilivyopanda mwaka ule, si kwa ghafula kama mto, bali polepole, kila siku kidogo, mpaka likaingia katika nyumba za watu wengi wa pwani. Safari hii yangu ilikuwa mojawapo. Tulikuwa tumefunga na tumeomba, naweza kuwaambia, na maji yakaingia vilevile, yakafika kwenye magoti ndani ya chumba cha watoto. Tulianza kutoa vitu usiku. Kulipopambazuka nikamwona yule mama anakuja ndani ya maji, kitenge amekifunga juu, na beseni kichwani. Hakuuliza kitu. Aliingia, akapanga masahani yetu ndani ya beseni, akayapeleka nyumbani kwake, akarudi kuchukua mengine. Alifanya safari nyingi, sikuhesabu. Katika safari moja tulikutana mlangoni, mimi nimebeba godoro, nikamwambia: «Mama, lile neno langu la mwaka ule, unisamehe.»

Akasema: «Shemasi, inua godoro, linalowa.»

Jamaa yangu tulilala kwake miezi miwili.