Treni Ndogo, Chumba Kidogo

Mwanangu, najua unachotaka. Unataka treni izunguke ubao mzima, ipite kwenye handaki, isimame stesheni, kisha iondoke tena. Nami nilitaka hivyo hivyo. Ila chumba chako kina kitanda na kabati, na ubao utakaoingia humo hautazidi mita moja na nusu kwa urefu. Keti kwanza, kabla hujakata plaiwudi.

Duara hula nafasi, mwanangu. Treni za kipimo cha HO ni ndogo mara 87 kuliko za kweli, na reli yake ina upana wa milimita 16.5. Kona ya kawaida ya reli hizi ina nusukipenyo cha karibu sentimita 44. Piga hesabu: duara zima linataka karibu mita moja kila upande. Mimi niliibana kona ili duara lienee. Kichwa cha treni kikapita vizuri. Lilipofuata behewa refu la abiria, ubavu wake ulitokeza nje, viunganishi vikavutana upande, magurudumu yakaruka reli. Kila mzunguko, pale pale. Nikaja kuibandua reli wakati gundi imeshakauka, mataruma yakanikatikia mkononi.

Utaambiwa uchukue kipimo cha N, chenye reli ya milimita 9. Ni kweli kinaokoa nafasi. Lakini treni inayozunguka tu utaichoka upesi, iwe kubwa au ndogo.

Jenga yadi ya kupangia mabehewa, mwanangu. Mwingereza Alan Wright alibuni mpango uitwao Inglenook Sidings, na sijaona mwingine unaomfaa zaidi mwenye chumba kidogo. Una pointi mbili tu, yaani mahali reli inapogawanyika, na njia tatu zisizotokea mbele. Njia moja huchukua mabehewa matano, nyingine mbili matatu matatu. Upande wa pili kuna kipande cha reli kinachotosha kichwa na mabehewa matatu, basi. Mabehewa yote ni manane. Kila behewa lina kikaratasi chake; unavuta vitano bila kutazama, kisha unaunda treni ya mabehewa matano kwa mpangilio ule ule uliotoka. Mipangilio inayowezekana ni 6,720. Leo behewa la mafuta linatakiwa liwe la mwisho, nalo limezibwa na mengine mawili. Unavuta, unasukuma, unaacha moja kando, unarudi. Hiyo ndiyo kazi halisi ya yadi, na hutaimaliza kwa haraka.

Usinunue reli bado. Chora pointi kwenye karatasi kwa ukubwa wake kamili, zikate, uzipange sakafuni, kisha weka mabehewa juu yake. Huenda palipoandikwa matano yakaingia manne, kwa sababu behewa likisimama karibu mno na pointi litakwaruzana na linalopita njia ya pili. Ziache hapo siku kadhaa. Zisogeze, uzitazame tena. Na usijaze vilima na nyumba kila pembe. Mkono wako utahitaji kufika nyuma kuinua behewa lililoanguka.

Najua moyo wako uko kwenye treni za Reli ya Kati. Ile ni reli yenye upana wa mita moja, na mifano yake ni adimu madukani. Zitakuja wakati wake. Kwa sasa tafuta kichwa kimoja kifupi, kinachoweza kutambaa polepole juu ya pointi bila kukwama. Hapo ndipo pesa yako iende. Ukishamaliza kuchora, njoo nazo hizo karatasi tuzipange pamoja.