Ufukara wa Jukwaa

Kundi la tamthilia likikosa fedha, aghalabu huona haya, na haya hiyo ndiyo inayoliharibia jukwaa. Kasri huchorwa juu ya maboksi, nguzo za mawe hutengenezwa kwa karatasi, na taji la mfalme humetameta kwa rangi ya kopo. Mtazamaji huliona boksi kwanza. Kasri huliona baadaye, au asilione kabisa. Je, kosa hapo ni la umaskini, au ni la kujifanya tajiri?

Suali hili ni la kale. Katika orodha ya vifaa vya wachezaji wa Admiral's Men wa London, iliyoandikwa Machi 1598 na kutunzwa katika karatasi za Philip Henslowe, umetajwa mwamba, kizimba, kaburi, mdomo wa Jahannamu, na hata mji wa Rumi. Mji mzima umeorodheshwa kama mtu anavyoorodhesha viti vyake! Hata hivyo, huo haukuwa uongo. Uongo humtaka anayeambiwa asijue. Jukwaa humtaka ajue, kisha akubali.

Mfano mzito zaidi ni wa Opole, nchini Poland. Mwaka 1962, Jerzy Grotowski alitayarisha Akropolis, mchezo wa Stanisław Wyspiański, akishirikiana na Józef Szajna, msanii aliyewahi kufungwa Auschwitz. Wyspiański aliuweka mchezo wake katika kanisa kuu la Wawel, mjini Kraków; wao wakauhamishia kambini. Vifaa vyao vilikuwa mabomba ya majiko, matoroli na beseni kuukuu la kuogea. Waigizaji, wakiwa wamevaa magunia yenye matundu na viatu vya mbao, waliyaunganisha mabomba hayo kidogo kidogo, hata tanuri la kuchomea maiti likasimama baina yao na watazamaji. Fedha zaidi zingeongeza nini? Marumaru ingewapa watu pahala pa kukimbizia macho. Bomba lilibaki kuwa bomba, na ukweli ukatoka katika kazi ya mikono iliyoliinua.

Funzo hilo halihitaji safari ya mbali. Mwenye kutaka baraza la mfalme katika mwambao huu hana haja ya kuchora kasri. Kiti cha enzi kimoja cha kuazima, shuka ya marekani nyuma yake, na waigizaji wanaoteremsha sauti kila wanapokikaribia, vinatosha kumsimika mfalme. Anayekiheshimu kile kiti ndiye anayelijenga jumba. Boriti, makuti na magunia ni vitu vyenye maana yake tayari. Havihitaji kupakwa rangi ili vifanane na visivyo.

Lakini sifa za ufukara zina mtego wake. Wahenga walisema rahisi ghali, na katika sanaa ghali hiyo mara nyingi hulipwa na asiyeonekana. Jumba la Globe lilijengwa mwaka 1599 kwa mbao za jumba la zamani lililobomolewa Disemba 1598, na mwenye kiwanja, Giles Allen, akaenda mahakamani kudai kwamba mbao zile ni zake. Huyo angalau alikuwa na mahakama. Seremala anayepigilia misumari usiku kucha kisha akalipwa kwa makofi ya watazamaji, huyo atashitaki wapi? Na mshonaji aliyeambiwa ajitolee kwa ajili ya utamaduni, atanunua unga kwa utamaduni gani?

Kwa hiyo upo ufukara wa namna mbili. Mmoja huondoa kisichohitajika jukwaani. Mwingine huondoa haki mfukoni mwa fundi. Wa kwanza ni adabu ya sanaa, wa pili ni dhulma iliyovikwa jina la sanaa. Mtazamaji anaweza kuombwa akubali kuwa kiti ni kasri. Fundi hawezi kuombwa akubali kuwa shukrani ni ujira. Bajeti ikiwa ndogo, na ipunguzwe mbao, kipunguzwe kitambaa, ipunguzwe rangi. Jukwaa tupu bado ni jukwaa.