Bei Mbili Forodhani

Mwaka jana, mimi na wenzangu tunaosoma Kiswahili Kampala tulikwenda Unguja kwa majuma mawili ya mazoezi ya lugha. Mchana tulikuwa darasani. Jioni ilikuwa yetu. Tulizoea kuteremka Forodhani, bustani iliyo ufukweni mwa Mji Mkongwe, mbele ya Ngome Kongwe na Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883 ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Vijana hukimbia na kujirusha baharini kutoka ukutani, familia hupunga upepo, na jua likizama meza za chakula huwashwa taa: pweza, mishikaki, urojo, maji ya miwa yaliyokamuliwa pamoja na ndimu na tangawizi. Ukitaka kanga au viungo, unaingia vichochoroni nyuma ya bustani.

Usiku wa tatu nilimwamkia muuzaji mmoja, mtu mzima. "Shikamoo, mzee." Akaitikia marahaba, akauliza natoka wapi. Nilipomjibu alicheka. "Kumbe Waganda mnasema Kiswahili! Haya, mwanangu, lete elfu tano." Nikapewa pweza wangu. Punde wakafika mume na mke kutoka Ulaya, wakaonyesha fungu lililo sawa na langu, wakaambiwa elfu kumi na tano. Yule mama akanigeukia na kuniuliza kwa Kiingereza mimi nimelipa ngapi. Mzee alinitazama. Nikasema nimenunuliwa na rafiki, sijui bei. Wakalipa.

Pweza alikuwa mtamu, lakini sikummaliza.

Wenzangu walipolisikia jambo hili walianza kumshtaki mzee. Mimi naona hapo si penye kosa, au si kosa kubwa. Aristotle alifundisha kwamba haki ni kuwapa sawa walio sawa, na wasio sawa kuwapa kwa kadiri ya tofauti zao. Serikali zetu zinafanya hivyo kila siku: kwenye boti ya Dar es Salaam na Unguja mkaazi ana nauli yake na mgeni yake, na kwenye hifadhi za wanyama raia wa Afrika Mashariki halipi sawa na mtalii wa mbali. Hakuna anayeita wizi, kwa sababu bei zote mbili zimeandikwa ukutani. Jina lenyewe Forodhani linatokana na forodha, mahali pa kutoza ushuru wa bidhaa zinazoshuka bandarini. Ushuru huuma, lakini hausemwi kwa kunong'ona. Bei ya mzee haikuandikwa popote, hiyo ni kweli. Lakini bei ya kupatana haiandikwi kamwe, na anayeuliza anajua kwamba ana ruhusa ya kubisha.

Linalobaki ni neno langu. Kant, katika insha yake ya mwaka 1797, hakuruhusu uongo hata kwa muuaji anayeuliza rafiki yako amejificha wapi; sidhani angenihurumia kwa ajili ya pweza. Nilijitetea kwamba namlinda mnyonge anayetafuta riziki mbele ya wenye fedha. Utetezi mzuri, ila si wa kweli. Kwetu, watu wa rika la baba yangu walikijua Kiswahili kama lugha ya askari kwenye vizuizi vya barabarani. Baba aliposikia nimechagua kukisomea alinyamaza hadi usiku. Sasa nilikuwa nimesimama ufukweni mwa watu, nimeitwa mwanangu kwa lugha ileile. Mzee aliponitazama niliogopa kwamba nikisema kweli nitarudi kuwa mgeni. Nilidanganya ili nihesabiwe mwenyeji, na gharama ya kuhesabiwa kwangu wakailipa watu wawili ambao hawakunikosea kitu.

Jioni ya mwisho nilirudi kwenye meza ileile peke yangu. Nilimwamkia mzee, nikamweleza kwamba nilisema uongo mbele yake na jambo hilo limenikaa rohoni.

Aliacha kugeuza mishikaki. "Mimi nilikuomba udanganye?"

"Hapana, mzee. Ulinitazama tu."

"Nilikutazama nione utasemaje. Ungesema elfu tano, ningewaambia huyu mwanangu, nyie nipeni kumi. Wangesema saba, tungecheka, wangekula." Akageuza mshikaki mmoja. "Sasa umenifanya mimi mwizi na wao wajinga, na sote tulikuwa tunafanya biashara."

Sikuwa na jibu. Alinifungia pweza katika gazeti, nikauliza bei.

"Leo elfu sita."

Nililipa bila kubisha. Naye akaonekana kusikitika kidogo kwamba sikubisha.