Msamaha wa dola na haki ya waliodhulumiwa

Je, dola inaweza kusamehe dhuluma waliyotendewa wengine? Kisangani, mji wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, inalijua swali hili kwa uchungu. Mwezi Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana mjini humo kwa siku 6 na kuua mamia ya raia. Mwaka 2004, mji huohuo ulikuwa mahali pa kufunzia brigedi ya kwanza ya jeshi jipya la Kongo, FARDC, iliyowachanganya waliokuwa maadui.

Sheria ya msamaha ya Kongo ya mwaka 2014 ilifuta makosa ya uasi na ya vita, ila haikugusa mauaji ya kimbari, uhalifu wa kivita wala uhalifu dhidi ya ubinadamu. Mpaka huo ni wa haki: dola husamehe uasi dhidi yake yenyewe, lakini damu ya raia si mali yake.

Dini za Kisangani zinakubaliana na hilo. Kwa Wakatoliki, kitubio kinadai majuto, maungamo na malipizi. Katika Uislamu, toba ya aliyemdhulumu mja haikamiliki mpaka haki irudishwe au mwenyewe aombwe radhi.

Hata hivyo, kumpokea aliyeweka silaha chini, kumfunza kazi na kumpa nafasi ya kuishi kwa jasho lake ni wajibu wa jamii, kwani asiye na mlango wa kurudi hubaki vitani. Lakini wajibu huo haumlazimishi mjane wa aliyeuawa kusamehe. Yeye anadai ukweli, hukumu na fidia. Msamaha ukija, utoke kwake.